Segera, Kata Kushoto

Himo ni mji wa watu wanaokwenda kwingine. Pale Njia Panda barabara ya kutoka Moshi inagawanyika: moja inapanda Marangu na kuendelea Rombo, nyingine inanyoosha Holili hadi mpakani na Taveta, na ya tatu inateremka Mwanga, Same, Mombo na Korogwe mpaka Segera, ambako nayo inapasuka, kushoto Tanga, kulia Chalinze na Dar es Salaam. Maroli yanapimwa mizani, mahindi na maharage yanashushwa na kupakiwa, mikungu ya ndizi inashuka kutoka Kilema na Marangu, na abiria wanabadilisha gari bila hata kuuliza mji unaitwaje. Miongoni mwa wapitao yumo mtalii wa begi mgongoni, yule anayelala gesti za bei ya chini na kupanda basi badala ya ndege. Huyu hupita Himo mara mbili: kwanza akitoka lango la Marangu kurudi Moshi, kisha ndani ya basi la Dar es Salaam akiiwahi boti ya Unguja. Ratiba yake ameipata kwa waliomtangulia, nao waliipata kwa waliowatangulia: mlima, kisha Zanzibar, kana kwamba Tanzania Bara haina pwani. Hoja yangu ni kwamba msafiri huyo, pamoja na kijana wa Kitanzania aliyejibana apate wiki moja ya kuiona nchi yake, atapata zaidi kwa pesa ileile akipanda basi la Tanga na kutoka huko akashika njia ya Pangani.

Tuanze na nauli, maana mwenye mfuko mwepesi huanzia hapo. Kiwango kilichotangazwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, Desemba 2023 kwa basi la daraja la kawaida ni shilingi 48.47 kwa kila kilomita kwa abiria mmoja. Kutoka Himo hadi Tanga ni kama kilomita 320, hivyo hesabu inaleta takriban shilingi 15,500. Hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 530, yaani shilingi 25,700 hivi. Tofauti ni elfu kumi, na mtu ana haki ya kusema kwamba elfu kumi haimfanyi mtu aiache Zanzibar. Kweli kabisa. Ila Dar es Salaam si mwisho wa safari ya anayekwenda Unguja. Atalala jijini walau usiku mmoja, atalipa bajaji za kwenda na kutoka stendi, kisha boti, ambayo mgeni hutozwa kwa dola, kama 35 kwa daraja la chini. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kila mgeni wa kutoka nje ya nchi anayeingia Zanzibar analazimika pia kununua bima ya dola 44. Kwa boti na bima peke yake, kabla hajakanyaga mchanga, amekwisha kutoa zaidi ya mara kumi ya nauli ya Himo hadi Tanga. Mtanzania halipi bima hiyo na boti anakata kwa shilingi, kwa hiyo pengo lake ni dogo. Kwake yeye hoja inasimama kwa sababu nyingine.

Sababu yenyewe ni hii: bei ya kitu hufuata mfuko wa yule ambaye kitu hicho kiliwekwa kwa ajili yake. Basi la Arusha kwenda Tanga lipo kwa sababu kuna wanafunzi wa vyuo, wafanyabiashara wa nguo na nafaka, na wagonjwa waliotoka hospitali ya KCMC wanaorudi kwao. Gesti ya Pangani ipo kwa sababu kuna maafisa wanaokuja ukaguzi, walimu wapya wasiopata nyumba na wanunuzi wa nazi. Sahani ya wali wa nazi na samaki wa kupaka imepangiwa bei na uwezo wa fundi seremala na dereva wa bodaboda. Mahali kama hapo ni vigumu kumlangua mgeni kupita kiasi, maana aliyeketi naye meza moja anaijua bei na huenda akaitaja kwa sauti. Kwenye fukwe za Unguja kama Nungwi au Paje mambo ni tofauti. Huko kitanda, teksi, kiti cha ufukweni na hata maji ya kunywa vimewekwa kwa ajili ya mgeni, na msafiri wa pesa kidogo hununua daraja la chini la kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya tajiri. Anapata punguzo la bei kubwa, ambalo bado ni bei kubwa. Na mlimani hakuna ujanja wowote: ada ya hifadhi kwa mgeni, kwa viwango vya miaka ya karibuni, ni dola 70 kwa siku kabla ya kodi, bado kambi, bado waongozaji na wapagazi ambao ni haki yao kulipwa vizuri. Mtu akishatoka mlimani amebakiwa na sehemu moja tu ya safari ambayo anaweza kubana, nayo ni pwani.

Lakini kwa nini pwani hii iwe ya bei ya wenyeji hadi leo, wakati ile ya ng'ambo imejaa? Hapa ndipo panaponivutia zaidi, kwa kuwa utulivu wa Pangani si wa asili. Katika karne ya 19 Pangani ilikuwa moja ya milango mikuu ya Kilimanjaro. Misafara ya pembe za ndovu ilitoka pale, ikafuata bonde la mto hadi nchi ya Wapare na Wachaga, ikarudi na mizigo kwa njia hiyohiyo. Hata maji yanaijua njia hiyo. Mto Himo unashuka kutoka mlimani na kuingia Ruvu. Mito ya Ruvu na Kikuletwa inakutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Na kutoka hapo mto unaitwa Pangani, unapita Korogwe, unazungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani Falls, kisha unamwaga baharini chini ya minazi ya Bweni, ng'ambo ya mji wa Pangani. Wapelelezi Richard Burton na John Speke walipofika pwani hii mwaka 1857 walianzia Pangani kuelekea milima ya Usambara, kwa kuwa mji ulikuwa na wapagazi, waongozaji na wafanyabiashara waliozijua njia za bara.

Mambo yaligeuka haraka. Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilipotweka bendera yake Pangani, watu wa mji na wa mashamba waliinuka wakiongozwa na Abushiri bin Salim. Mpelelezi Mjerumani Hans Meyer na mwenzake Oscar Baumann, waliokuwa wakisafiri sehemu hizo, walikamatwa na wakaachiwa kwa fidia. Mwaka uliofuata Meyer alirudi, safari hii akiikwepa Pangani: alipita Mombasa na Taveta, njia ambayo leo inaingia nchini kwa Holili na kutokea Himo, na tarehe 6 Oktoba 1889 yeye na Ludwig Purtscheller wakafika kilele cha Kibo. Tarehe 15 Desemba mwaka huohuo Abushiri alinyongwa Pangani. Sisemi kwamba Meyer ndiye aliyewafundisha watalii kuikwepa Pangani, ila ni kichekesho cha historia kwamba mtu anayetajwa kuwa wa kwanza kufika kileleni alifika kwa kuuacha mlango wa zamani wa mlima huo.

Pigo kubwa lililetwa na reli. Ilianza kujengwa mwaka 1893 kutoka Tanga, siyo Pangani, kwa sababu Tanga ina ghuba yenye kina na mdomo wa mto Pangani una fungu la mchanga linalozuia meli kubwa. Reli ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Kila kilomita iliyoongezeka iliondoa mzigo mwingine katika njia ya misafara. Vita Kuu ya Kwanza ikaleta tawi la kijeshi la Waingereza kutoka Voi kupitia Taveta, likaungana na reli ya Tanga pale Kahe, kusini ya Himo, na tangu hapo mazao ya Kilimanjaro yakawa na njia ya pili ya kwenda baharini, ya Mombasa. Tanga nayo ilinawiri kwa mkonge. Miche yake iliingizwa na mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf mwaka 1893. Kati ya miche iliyosafirishwa kutoka Florida ni 62 tu iliyopona, na ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Bei ya mkonge ilipoanguka baada ya kamba za nailoni kuenea, na mashamba mengi yalipodorora baada ya kutaifishwa mwaka 1967, Tanga nayo ikapoa. Barabara ya lami iliyounganisha Segera na Chalinze ikampeleka kila mtu Dar es Salaam moja kwa moja. Kwa hiyo mtu anapoona bei ya chumba Pangani na kushangaa, anachokiona ni matokeo ya njia kuuhama mji: kwanza reli, halafu mkonge, halafu lami.

Sasa, kuna nini huko? Nisimdanganye mtu: Pangani si Mji Mkongwe. Nyumba nyingi za mawe za kando ya mto zimebomoka, boma la zamani linahitaji matengenezo, na saa nane mchana hakuna kinachosogea isipokuwa kivuko. Thamani ya njia hii iko katika mlolongo wake. Muheza kuna machungwa ya kujaza fulana kwa bei ya kutupwa, na ndiko pa kuchepukia Amani, penye misitu ya Usambara Mashariki na bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1902. Tanga mjini ni mji wa baiskeli, mitaa mipana na vyakula ambavyo Wazanzibari wenyewe hawavibezi. Kilomita chache kaskazini yapo mapango ya Amboni. Ukishika njia ya Pangani, kusini ya mji kuna Vibambani, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, na mbele yake Tongoni, magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya karne ya 14 na 15, kundi kubwa la makaburi ya namna hiyo. Katika mafungu ya jirani na hapo ndipo Vasco da Gama alipoichoma moto meli yake São Rafael Januari 1499, kwa kuwa mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuendesha meli tatu. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayajua majina haya kutoka vitabuni. Ni wachache waliowahi kuambiwa kwamba yote yako kando ya barabara moja, na kwamba daladala inapita.

Bahari ya huko ina mambo yake. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 wavuvi wa Tanga wamekuwa wakinasa silikanti, samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka pamoja na madinosari hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2009 serikali ilitenga eneo la bahari kati ya Tanga na Pangani kuwa hifadhi kwa ajili yake. Mbele ya Pangani kuna Maziwe, iliyokuwa kisiwa chenye mivinje na mahali pakubwa pa kasa kutagia mayai. Ilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1975, lakini mawimbi yakaila hadi miti ya mwisho ikaanguka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Leo ni fungu la mchanga linalojitokeza maji yanapokupwa na kufunikwa yanapojaa, lenye matumbawe pembeni yanayofaa kwa kuogelea na miwani. Anayetaka kufika huko hupanga na nahodha kwa kufuata kalenda ya mwezi: kuna tofauti kubwa kati ya siku za bamvua na siku za maji mafu, na wavuvi wa kijiji cha Ushongo wataitaja bila kuangalia saa. Gharama ya mashua hugawanywa kwa idadi ya abiria, kwa hiyo msafiri wa peke yake asubiri wenzake au aache.

Mtego wa njia hii uko mbele ya Pangani, na hapa ndipo wengi huzipoteza zile pesa walizookoa. Ramani inaonyesha barabara inayoendelea kusini hadi Hifadhi ya Taifa ya Saadani na kutokea Bagamoyo, na mtu anaona mduara mzuri: atateremka pwani yote hadi Dar es Salaam. Saadani ni hifadhi ya aina yake, iliyotangazwa mwaka 2005, ambamo twiga na tembo wanafika karibu na mawimbi. Lakini kanuni ya bei niliyoitaja inageuka papo hapo. Ndani ya hifadhi mgeni hulipa kiingilio kwa dola, usafiri wa abiria ni haba na haufuati ratiba, na wakati wa masika udongo mweusi hunasa hata magari ya magurudumu manne. Mwenye pesa kidogo atajikuta anakodi gari, na gari moja la kukodi linameza akiba ya siku kadhaa. Ushauri wangu ni kwamba asione aibu kurudi kwa njia aliyoijia. Kurudi Tanga kwa daladala na kushuka Dar es Salaam kwa basi la kawaida ni bei nafuu kuliko kulazimisha mduara kwa ajili ya kuupendezesha kwenye ramani. Saadani inafaa kwa kundi la watu wanne au watano waliochangishana, au kwa Mtanzania, ambaye viingilio vyake ni vya shilingi na ni vidogo.

Mduara wenye akili zaidi unaanzia Himo kwenyewe, upande wa mashariki. Barabara ya Taveta hadi Voi sasa ni ya lami, na kituo cha pamoja cha mpakani cha Holili na Taveta kilichozinduliwa mwaka 2016 kinamgongea abiria mihuri yote miwili upande mmoja wa mpaka. Kutoka Voi kuna Mombasa, kutoka Mombasa kuna kivuko cha Likoni na barabara ya Kwale kusini hadi Lunga Lunga, na kwa Horohoro unaingia tena Tanzania, Tanga ikiwa karibu. Kisha Pangani, kurudi Segera, na kupanda Himo. Kwa raia wa Afrika Mashariki hii ni safari ya pwani mbili kwa nauli za mabasi ya wenyeji mwanzo hadi mwisho. Kwa mgeni wa mbali kuna idhini ya kielektroniki ambayo Kenya ilianza kuidai Januari 2024, ya dola 30 na ada ndogo juu yake, hivyo lazima apige hesabu upya. Kwake, kwenda Tanga moja kwa moja bado ni nafuu zaidi. Mpenda reli naye ana chake: treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi, iliyorejea Desemba 2019 baada ya zaidi ya miaka 20 ya kimya, inapita Korogwe. Ni ya taratibu na haisafiri kila siku. Hilo kwa wengine ni kasoro, kwa wengine ndilo jambo lenyewe.

Pingamizi la kwanza ambalo mtu atanitolea ni kwamba Zanzibar haina mbadala: mtu ametoka Poland au Korea, huenda harudi tena maishani, nawe unamwambia aache Forodhani akatazame magofu ya Tongoni? Silichukulii pingamizi hili kirahisi. Mji Mkongwe ni urithi wa dunia na unastahili. Ninachokataa ni ule mpango wa siku sita au saba ufukweni, ambao kwa mtu mwenye pesa kidogo ni siku mbili za furaha na nne za kuhesabu chenji. Mwaka 2024 Zanzibar, yenye wakazi kama milioni mbili, ilipokea wageni zaidi ya laki saba wa kimataifa. Mahali penye shinikizo hilo kila kitu kizuri kina mnunuzi anayelipa zaidi yako. Agawe siku zake: siku mbili au tatu Mji Mkongwe, na siku za kuogelea, kula na kusoma kitabu azipeleke Pangani na Ushongo, penye mchanga mweupe vilevile na bahari ileile. Kumekuwapo pia meli kati ya Tanga na Pemba, kwa siku chache za wiki. Anayeipata ataingia visiwani kwa mlango wa karafuu badala ya mlango wa mahoteli. Bima ya dola 44 itamkuta huko pia, asije akadhani amekwepa.

Pingamizi la pili ni la watunga sera, na lina uzito: nchi inafaidika nini na mtu anayekula wali maharage na kulala gesti? Kwa miaka mingi utalii wetu umependelea wageni wachache wanaolipa sana, na mtu wa begi mgongoni ameonekana kama nzi anayezunguka meza. Ni kweli kwamba halipi kodi nyingi, na kwa pesa zake halmashauri haitajenga zahanati. Lakini tuangalie pesa hiyo inapita wapi. Mgeni wa kifurushi cha hoteli kubwa hulipia safari yake kwao kabla hajapanda ndege, na sehemu inayomfikia mtu wa Pangani ni mshahara wa mhudumu na pengine bei ya samaki. Mtu wa gesti analipa mkononi kwa mama lishe, kwa bodaboda, kwa nahodha, kwa muuza madafu, kiasi kidogo kwa kila mmoja, na hakuna kinachorudi kwao. Mji ambao haujapata barabara nzuri, maji ya uhakika wala benki za kutosha hauwezi kumhudumia mgeni wa dola 400 kwa usiku bila mwekezaji wa nje kuja na kila kitu chake, hadi ukuta. Mgeni wa shilingi 30,000 unaweza kumhudumia leo. Wala asiwe mgeni wa ng'ambo tu. Mwalimu wa Himo au muuza nafaka wa sokoni hapo anaijua Dar es Salaam kwa sababu ana ndugu huko, na hajawahi kufika Pangani kwa sababu hana. Utalii wa ndani tunaouhubiri kila mwaka utaanza pale watu kama hao watakapoona safari yenye bei wanayoielewa.

La tatu ni la wapenda utulivu: ukiandika hivi unaiua. Hofu hiyo inaipa makala ya gazeti nguvu isiyo nayo. Kitakachoibadilisha Pangani ni barabara ya lami ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo, yenye urefu wa kilomita 256, na daraja la mita 525 la kuvuka mto, miradi iliyokwisha kuanza na inayogharamiwa kwa sehemu kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kivuko kikistaafu, njia itarudi kwa Pangani baada ya zaidi ya miaka mia moja ya kuikwepa, na bei za viwanja zitajua kabla ya bei za vyumba. Tena, kuachwa hakujawahi kuilinda pwani hii. Maziwe ilipoteza miti yake watalii wakiwa hawapo. Wavuvi wa baruti waliyapiga matumbawe ya Tanga kwa miongo kadhaa katika bahari tulivu isiyo na mashahidi. Wageni wa mashua inayokwenda Maziwe kila juma ni mashahidi wenye kulipa ada, na ningependa wawe wengi kabla watu wenye mikoba mizito hawajafika na kuamua ufukwe uzungushiwe nini.

Limebaki suala la usalama na majira. Pale Pangani mgeni atakutana na mtu atakayejitolea kumvusha hadi Unguja kwa mashua ya uvuvi, na bei yake itakuwa tamu. Aikatae, hata kama bahari imelala. Mkondo kati ya bara na visiwa una nguvu. MV Spice Islander mwaka 2011 na MV Skagit mwaka 2012 zilikuwa meli halisi zenye injini na nahodha wa cheti, na zilizama na mamia ya watu. Chombo kidogo ni cha kwenda Maziwe na kurudi, kikiwa na maboya ya kuvaa, asubuhi, kabla upepo haujapanda. Chandarua na dawa ya mbu si anasa, maana malaria ya bonde la Pangani haina habari na bajeti ya mtu. Mavazi yawe ya heshima mjini, na mwenye kwenda mwezi wa Ramadhani ajue kwamba mchana migahawa mingi imefungwa na jioni mji mzima unafuturu, hivyo apange tumbo lake. Masika ya Machi hadi Mei yanaharibu njia. Kusi la Juni hadi Septemba lina baridi nzuri lakini bahari huchafuka. Oktoba na Novemba, kabla ya kaskazi kukolea, ndiyo miezi ambayo nahodha wa Ushongo hatafuti visingizio.

Desemba ni hesabu tofauti, na mtu wa Himo haihitaji kuambiwa. Wiki mbili kabla ya Krismasi mabasi yanapanda mlimani yamejaa hadi kwenye ngazi, Wachaga wanarudi nyumbani, nauli zinapandishwa kinyemela na LATRA wanakesha stendi. Mabasi hayohayo yanashuka kuelekea Korogwe na viti vitupu. Anayetaka kwenda Tanga kwa kiti cha dirishani na ashuke wakati huo, wengine wakipanda. Kurudi asithubutu wiki ya kwanza ya Januari ikiwa anaelekea Dar es Salaam, kwa kuwa mto wa watu utakuwa umegeuka. Bali ikiwa anapanda kurudi Himo, kutoka Tanga au Segera, atapata nafasi, na huenda kondakta akampunguzia.